Siagi ya Shangazi Ottilie

Jumamosi ya pili ya Septemba,
hapa Krasfeld, Dakota ya Kaskazini,
mji wa maghala mawili ya ngano na kanisa moja,
tunajifanya wahenga wetu.
Kofia yangu ya kitambaa ni ya kukodi,
kwa ndani imeshonewa namba: kumi na saba.

Wendelin, ambaye siku nyingine zote huuza bima,
leo ni mhunzi.
Anavukuta, anagonga fuawe,
saa nzima anapata kulabu moja iliyopinda
na watoto wanaipigia makofi kama ndege iliyotua salama.
Kule sabuni inachemka, shahamu na maji ya majivu.
Huku matofali ya samadi kavu yanawaka
ndani ya nyumba ya madongo ya nyasi
tuliyoijenga upya mwaka juzi, kwa mashine.

Mwisho wa uwanja Vernon Ironcloud
anapara ngozi ya nyati, polepole, bila kipaza sauti.
Ramani ya ukumbini inaanza mwaka ule
babu zetu waliposhuka kwenye gari moshi.
Yeye ameegesha gari lake nje ya ramani.

Zamu yangu ni pipa la siagi.
Maelekezo yamechapwa: malai lita nne,
suka kwa dakika ishirini na tano.
Simu nimeificha mfukoni mwa aproni,
kengele nimeitega.

Ndipo wakamleta shangazi Ottilie,
miaka tisini na mmoja, kwa kiti cha magurudumu.
Moshi wa samadi ulipomfikia
alisema neno moja: "Nigeuzeni."
Wakamgeuza, upepo ukampiga kisogoni,
wala hakuna aliyemwuliza kwa nini.
Amepikia jiko la umeme miaka sitini
na hajawahi kuliita uvivu.

Mimi napandisha mti, nashusha mti,
nawaeleza wageni subira ya watu wa kale,
natabasamu kama nilivyoelekezwa.

"Acha," akasema.

Bado dakika sita, shangazi.

"Acha, mtoto. Sauti imegeuka."

Sauti gani? Kwangu yote ilikuwa chubwi, chubwi.
Akaniambia nisuke tena, mara mbili tu,
nifumbe mdomo.
Nikafumba.
Na kweli, chini ya chubwi palikuwa na kitu kingine,
kizito, kinachojitenga,
kama mtu anayetembea na buti lililoingia maji.
Nikafunua pipa: punje za manjano
zinaelea juu ya mtindi, tayari,
na kengele mfukoni mwangu bado imelala.

Akasema mama yake alikuwa akimchapa
kwa mti kama huo huo akipitiliza.
Siagi ikipitiliza hushika maji, haiuziki,
na siagi ndiyo iliyonunua viatu.
Wageni wakacheka.
Walidhani ni sehemu ya maonyesho.

Kibao cha idara ya afya kimesimama mezani:
Hairuhusiwi kuonja.
Saa kumi jioni tutaimwaga yote,
kama kila mwaka, nyuma ya ukumbi,
na mbwa wa Wendelin anajua saa hiyo.

Lakini shangazi alikwisha kusogea.
Kidole kilichopinda kuliko ile kulabu
kikazama ukingoni mwa pipa.
Akalamba. Akakunja uso.

"Haina chumvi," akasema,
akachovya tena.