Lumbesa

Saa kumi na moja alfajiri mlima bado umejifunika,
nami nimeshafungua daftari.
Halmashauri imenipa kiti, mwavuli wa kampuni ya simu
na mashine ya risiti inayoishiwa chaji kabla ya saa nne.

Wa kwanza kushuka ni punda. Siku zote ni punda.
Wanne wa Sekwao, kwato zikibishana na mawe,
na maharage ya Kiboriani,
yale ya rangi ya damu ya mzee, yasiyomaliza kuni.
Kisha viazi, bado vina udongo mweusi,
udongo ambao huku bondeni hatuna;
kwetu ni mchanga, alizeti,
na uwele tunaougombania na kwelea kwelea.

Natoa risiti.
Asali, madumu sita. Natoa risiti.
Mbuzi wa mnada, ishirini na mmoja;
wa ishirini na mbili kazaliwa njiani,
kabebwa ndani ya koti. Huyo sikumwandika.

Mbao hupita usiku.
Mkaa hupita usiku, kwa baiskeli zisizo na taa,
breki ni kandambili.
Na vijana wa machimbo ya rubi
hushuka mikono mitupu wakicheka mno.
Anayecheka mno, mpekue soksi.

Halafu anakuja Chedego, mnunuzi wa Kibaigwa,
na shazia yake na kamba ya katani.
Kwake gunia likijaa halijajaa:
hulisimamisha, hulipiga goti,
hulishonea kilemba cha wavu
kinachomeza madebe mawili,
kisha husema: gunia moja.
Sekwao hukitazama kilemba kile
kama mtu aonaye kofia yake kichwani pa mwingine.

Sheria inakataza. Bango liko nyuma ya kiti changu.
Chedego huniletea soda ya baridi.
Nami hunywa.

Leo soda ilikaa juani hadi ikawa uji.
Nikasema, fumua.
Akacheka.
Nikasema, Chedego, fumua, au weka hivyo hivyo tupime kwa kilo.

Mia moja thelathini na nane.

Thelathini na nane nikaizidisha kwa punda,
kwa misimu ya baba yangu Ndahani
aliyeshuka njia hii hii hadi magoti yakamgomea,
nikaiona nyumba yetu ilivyoishia kwenye lenta
na mvua ikiingia kama mwenyeji.

Sekwao hakunishukuru.
Alinisogelea, akanong'ona:
"Dada, akiondoka huyu, nani mwingine anapanda huku?"
Fuso ilishawashwa.
Ilinguruma pale pale, haikwenda, haikuzimwa.
Chini ya karavati maji ya mlima yakapita zake
kuelekea mabomba ya mjini, bila gunia, bila risiti.

Mashine ikazima.
Nikachukua kalamu, nikaandika 138,
nikakandamiza
hadi ukurasa wa chini nao ukaipata.