Kutendua

Miaka kumi na mmoja nilichora makopo ya sardini.
Samaki wa buluu, mawimbi matatu, jina la kampuni
kwa herufi nene zisizobishana na mtu.
Wateja walisema: nembo ikue kidogo.
Nikaikuza.
Wakasema: kidogo tena.
Samaki akabaki mkia.

Mkono wangu wa kushoto ulijua njia moja tu:
kidole cha mwisho hapa, cha shahada pale, tendua.
Nimekosea rangi, tendua.
Nimempa samaki jicho la mwanasheria, tendua.
Nilirudi nyuma hatua mia kwa siku
na jioni nikapanda tramu ya Matosinhos
nikiwa sijakanyaga popote.

Usiku wa Jumanne nilipoingia karakana ile ya Gondomar
nilidhani nakwenda kupumzisha macho.
Quitéria, mwalimu, mdogo wangu kwa miaka tisa,
alinipa waya wa fedha mwembamba kama unywele wa mtoto.
Sokota miwili iwe mmoja, akasema,
kisha uugonge uwe bapa.
Hakusema karibu.
Nikasokota. Ukakatika.
Mkono wa kushoto ukapapasa meza kutafuta vitufe vyake,
ukakuta ubao mtupu wenye makovu ya moto.
Quitéria aliniona.
Akacheka hadi mwali wake ukazimika.

Fedha inajua kutenda, haijui kutendua.
Ulichokikunja utakikunjua, sawa,
lakini fedha hukumbuka: mkunjo wa tatu hupasuka.
Ulichokifunga kwa lehemu hakifunguki,
kinayeyuka, na wewe unatazama.

Pete ya kwanza nilimfanyia mama.
Nilianza kuichora kwenye skrini, mazoea yana taabu,
nikaikuza kwa asilimia mia nne,
ikawa pana kama gurudumu la mkokoteni,
nikaijaza majani, vikonyo, mizunguko ndani ya mizunguko,
nikasahau kwamba kidole hakina asilimia.

Mama, Zulmira wa kiwandani, alikata vichwa vya samaki
wale wale niliowachora mimi,
miaka ishirini na saba katika maji baridi ya chumvi.
Viungo vyake vimevimba kama mafundo ya kamba.
Pete ilifika kwenye fundo la kwanza, ikagoma.
Kidole kimoja hakivunji chawa,
lakini hicho kimoja kilinivunja mimi.
Akaitundika msumarini, karibu na funguo.
"Hata hapo inapendeza," akasema.

Tangu siku hiyo napima kwa uzi,
na napima fundo, si kidole.

Kazi niliacha Februari. Msiniite shujaa:
walipunguza watu, nami nilikuwa mtu.
Nikabaki na koleo tatu, tupa ya kuazima,
na deni la gesi.

Jumamosi moja sokoni, Ondina, dereva wa basi,
alinunua jozi ya hereni, vijiduara kama povu.
Jumamosi iliyofuata akarudi amekunja uso:
hii ya kulia inaniuma.
Furaha ilinipanda ya ajabu, nikaificha haraka.
Miaka kumi na mmoja, makopo yasiyo na idadi,
na hakuna hata mmoja aliyewahi kunirudia
akasema: jicho la huyu samaki linaniuma.

Nikamketisha juu ya kreti ya machungwa.
Nikaipitisha tupa kwenye ncha ya ndoano,
mara nne, mara tano,
nikaijaribu kwenye ngozi ya kifundo cha mkono wangu,
pale penye mishipa, pasipodanganya.
Vumbi la fedha likanidondokea kwenye aproni,
kidogo mno, na halirudi.

Akaivaa. Akageuza kichwa kulia, kushoto,
kama anayeangalia vioo vya basi kabla ya kuondoka.
Akatazama saa. Zamu yake ilikuwa inakaribia.

"Bado kidogo," akasema.

Nikanyoosha kiganja.