Mita Mia Mbili

Safari hii daktari hakuniandikia vidonge.
Aliandika: msitu, Jumamosi nne, saa nne asubuhi.
Nilicheka moyoni.
Mimi Wakesho, niliyezaliwa kwenye vilima vya Taita,
niandikiwe miti kama dawa ya kikohozi?

Philippa, kiongozi wetu, buti zimejaa matope ya Sheffield,
alisema leo tutatembea mita mia mbili
kwa saa mbili.
Desmond, aliyeyeyusha chuma miaka thelathini,
akatazama saa yake, kisha viatu vyake.

Mwaliko wa kwanza: tazameni kinachosogea.
Mimi nilitazama nyuma.
Mwili hukumbuka bila kuomba ruhusa.
Kule kwetu msituni tuliingia kwa kunyemelea,
kamba kiunoni, sikio likisaka filimbi ya askari wa misitu,
na kutoka tulitoka mbio, mlima kichwani.
Mti mbichi sikuwahi kuuona.
Niliona mikavu tu.

Hapa hakuna anayenifukuza.
Kuliamini hilo kulichukua nusu saa.

Tukapita kaburi la mchoma makaa wa zamani,
jiwe limeota kuvu.
Pole, mwenzangu, nikamwambia kwa Kiswahili.

Mwaliko wa pili: chagua mti, kaa nao,
usiwe na haja nao.
Usiwe na haja nao!
Nikaegemea mwaloni. Gamba lake lina mifereji
kama visigino vya mama.
Sisimizi alipanda ufa baada ya ufa,
akasita, akashuka, akapanda tena. Hana zamu.
Miaka kumi na mmoja nafua mashuka ya hospitali usiku,
na mashine huja nyumbani nami, hunguruma mtoni mwangu.
Sijui zilizimika saa ngapi.
Nilisikia tu tone likianguka toka jani hadi jani.

Philippa anasema presha hushuka, pumzi hurefuka,
harufu ya miti huwaamsha askari wa mwilini.
Askari tena, nikawaza.
Lakini hawa ni wangu.

Mwishoni duara, na chai ya majani ya msonobari,
haina sukari, haina maziwa; chai ya nani hii?
Kijiti kikapita, anayekishika ndiye msemaji.
Nasreen alisema amejisikia akipumua,
mara ya kwanza tangu azike mume.
Desmond alikishika muda mrefu,
akakipitisha bila neno.
Mimi nikakivunja ncha bila kufikiri. Tak!
"Kimekauka barabara," nikasema,
"hiki kingeivisha uji wa nyumba nzima."
Wakacheka, hata Desmond,
na mimi nikacheka hadi sauti ikanikwama.

Kwenye tramu nimesimama wima.
Mkono unapanda wenyewe utosini, unatafuta ngata.
Haipo. Wala mzigo haupo.
Shingo haijui la kufanya.