Tome

Zahanatini, nesi akiliita jina langu
humtazama kwanza bibi mwenye mkongojo.
Nikiinuka mimi, na jinzi zangu na miaka yangu ishirini na sita,
hulirudia faili, kama lililomdanganya.

Tome. Maana yake: koma.
Lilikuwa la mama yake nyanya,
binti wa sita huko Akita, mwaka mpunga ulipooza.
Baba yake hakuuliza amefanana na nani.
Alilitia jina kama mtu atiavyo komeo mlangoni:
wasichana basi, wametosha.

Wakaja wengine wawili.

Darasani walikuwapo Hina, Misaki, Riko,
majina mepesi ya jua na maua.
Langu lilinuka figili za chumvi
na kabati lisilofunguliwa tangu msiba.
Nilichukua hata fomu ya kulibadili. Nikaijaza nusu.

Nyanya hakunikataza. Alinipeleka bandani tu.
Mama yake, alisema, alijifunza kuandika akiwa na miaka hamsini na tisa,
na herufi alizozimudu ni mbili, zile za jina lake.
Basi akaliandika kila mahali:
kwenye ndoo, kwenye mwavuli,
chini ya bakuli, ukutani nyuma ya jiko,
mkono ukikwaruza, hataki kukoma.

Theluji imeanguka tangu usiku.
Natoka na koleo lake.
Jirani anasoma mpini, anacheka:
“Umeliandika vibaya jina lako.”
Naam, namjibu,
nikiendelea kuchota.