Kiti cha Pili

Siku nzima naandika lebo:
kimoja kutwa mara mbili,
kimoja usiku,
usiendeshe mitambo.
Nje, Blaenau Ffestiniog inanyeshewa kama kawaida yake,
mvua juu ya mapaa ya mawe,
na milima imechimbwa hadi ikabaki maganda.

Jumatatu saa nne Iolo anamleta shangazi yake,
Bi Morfydd Pugh, miaka themanini na miwili,
aliyewapikia watoto wa bonde zima,
aliyekuwa akihesabu chenji mbele yangu
mara mbili, peni kwa peni.
Si kwamba hakuniamini, alisema, ila hesabu ni adabu.
Sasa pochi iko mfukoni mwa Iolo.
Namsalimu yeye, ananijibu Iolo.
Nauliza miguu inaendeleaje;
Iolo anasema miguu haijambo.

Halafu anainama kwenye kaunta, sauti chini:
za usingizi zimemwagika tena kwenye sinki.
Mara ya tatu tangu Pasaka.
Sinki gani hilo, najiuliza, lenye kuchagua,
linalomeza za usingizi
na za presha likazitema?

Nikasema, leo tunapima presha.
Nilikuwa nimekwisha kuingia kile chumba kidogo
nikatoa kiti cha pili.
"Samahani, Iolo, hakuna nafasi."
Uongo wa mfamasia. Sijautubia bado.

Mkono wake ulikuwa mwembamba mno,
mkanda wa watu wazima ukapwaya,
nikatafuta wa watoto.
Mashine ikijaza pumzi, akasema,
"Jumatano ilinipita. Haikupiga hata hodi."
Unalala sana?
"Fofofo. Na chai ya Iolo siku hizi tamu.
Zamani alikuwa akisahau sukari."

Mashine ikahema, ikatoa namba.
Nikaziandika. Saba yangu ilitoka kama moja.

Nikamweleza ninaloliogopa, kwa maneno mepesi,
nikamwuliza kama niwaambie watu wa ustawi wa jamii.
Alinitazama kama mtoto anayeomba kuongezwa
wakati sufuria imeshaoshwa.
"Na moto atauwasha nani?"
Mchana ule akili yake ilikuwa yake.
Hilo nalo ilibidi niliandike.
"Basi iwe siri yetu," akasema,
na ndiyo yangu ilishafika menoni.
Sikuahidi.

Adhuhuri, mkate mkono mmoja, simu mkono wa pili,
nikangoja kwenye muziki wa kinanda.
Kijana akauliza: aina ya madhara?
Chagua moja.
Nikasema, andika chai.

Alhamisi Iolo alirudi peke yake, koti halijafungwa.
Nilishika ukingo wa kaunta.
Wateja wawili waliofuata dawa ya kikohozi
wakageuka kukagua miswaki.
"Ni wewe," akasema.
Ni mimi.
"Anaamka saa nane usiku. Anavaa aproni,
anatoka barabarani kwenda kuwapikia watoto.
Kila usiku. Huu mwezi wa kumi.
Saa kumi na moja mimi niko kiwandani.
Nilitaka kulala. Usiku mmoja tu.
Kisha nikautaka wa pili."

Kosa ni kosa. Chai ile ilikuwa kosa,
nililiripoti, na kesho ningeliripoti tena.
Lakini miezi kumi nimemkabidhi mtu huyu mifuko ya karatasi
nikitazama saini yake tu,
na macho yake mekundu nikayaita ujanja.
Sikuwahi kumwuliza: na wewe, unalalaje?

Nikainua ubao wa kaunta apite.
Chumbani kulikuwa na kiti kimoja.
Nikaenda stoo kuleta kile kingine.