Sindano Mbili

Wameniambia nilale chali, nisitikisike.
Nimeingizwa kwenye tundu jeupe
kama mkate kwenye tanuri la Raili,
ila tanuri hili ni la baridi,
na nje, hapa Oulu, theluji ya Machi imegoma kuyeyuka.

Mtambo unaanza kugonga. Ta-ta-ta-ta.
Kisha kwaa, kwaa, kwaa.
Wengine huwekewa muziki masikioni; mimi nilikataa.
Miaka arobaini na miwili nimetengeneza vinanda vya kanisa,
nataka kusikia kinachonichungulia.
Ile ni sol, imeshuka kidogo.
Ningepewa bisibisi, ningeinyoosha.
"Mzee Kurkela," kipaza sauti kinasema, "usicheke, picha itaharibika."

Baba hakupigwa picha.
Alipimwa kwa kidole cha daktari wa Kemi,
na kidole kimoja hakivunji chawa.
Uvimbe ulikaa upande ule kisikofika.
Ulipojulikana ulishahamia mifupani,
umepanga chumba kwenye uti wa mgongo,
naye bado anasema ni mbao, ni kubeba mbao.

Zamani za kaka yangu Ilpo ilikuwepo damu,
tarakimu moja kwenye karatasi: saba nukta nne.
Tarakimu haisemi wapi.
Haisemi mkali au mpole.
Wakamchoma sindano kumi na mbili
kama mtu atafutaye pete shambani, usiku, kwa uma.
Wakaitoa tezi nzima, kwa usalama.
Baadaye mmoja akateleza ulimi:
huenda ile ingelala naye hadi uzeeni
bila hata kumgeuza ubavu.
Tangu hapo Ilpo haingii sauna na watu.
Hutembea na mfuko wenye suruali ya akiba,
na sisi, familia nzima, tumejifunza kutouona.

Daktari Saarela amenigeuzia kioo.
Kitu cha kijivu, ukubwa wa kokwa,
na pembeni doa, kama tone la kahawa kwenye kitambaa.
"Hapa," amesema. "Tutachoma hapa tu."

Majibu yalikuja Aprili, mito ikipasuka barafu.
Ni ile aina ya mwendo wa pole.
Hatukati. Tunaiangalia. Rudi baada ya miezi sita.

Nilidhani ningefurahi.
Usiku nimeamka mara tatu kuisikiliza.
Mtambo unajua pa kutazama,
haujui mtu alalie ubavu upi na alichoonyeshwa.
Lakini nalikumbuka bomba moja, kanisa la kijijini,
lina ufa mwembamba kama unywele.
Mwaka wa kwanza nilitaka kuling'oa.
Sikuling'oa. Kila msimu nampigia noti yake,
naweka sikio. Bado linaimba na wenzake.

Jana nimempigia simu Ilpo.
Alinyamaza muda mrefu.
"Ngapi?"
"Mbili."
"Mbili," akarudia, taratibu,
kama mtu anayehesabu chenji
ambayo hakurudishiwa.