Nyumba Hii Haiuzwi

Mimi ndiye mwandishi wa kuta hizo,
Tandika, Vingunguti, Buguruni kwa Mnyamani:
NYUMBA HII HAIUZWI.
Rangi nyekundu, brashi ya inchi mbili,
elfu kumi na tano ukinipa ngazi,
ishirini nikija na ngazi yangu.
Sihoji. Lakini kuta zina masikio
na mwenye brashi husimama karibu nazo.

Arobaini ya Mzee Pazi ilikuwa haijapoa
Mwasiti bintiye akaniita:
"Andika kubwa, isomeke toka kituoni."
Nikaandika.
Siku ya nne akaniita kaka yake, wa mama mwingine:
"Futa. Nina mteja."
Nikapaka chokaa.
Alhamisi nikarudishwa niandike upya,
safari hii na namba ya simu, na neno MAHAKAMA.
Nyumba moja, ujira mara tatu,
na watoto wangu walikula wali wa nazi wiki ile.

Marehemu hakuwa mzembe.
Risiti za maji za miaka kumi na tisa
alizitunza katika kopo la maziwa ya unga.
Alijua kila mpangaji anadaiwa ngapi.
Ila ukimtajia wosia, uso unabadilika:
"Unanichuria?"
Kifo hakikusubiri kuchuriwa.
Sasa wapangaji wameshika kodi mkononi, hawajui wampe nani,
na Bi Chausiku, edani, chumba cha uani,
mashemeji wamemhesabia viti vya plastiki
hadi kile alichokalia.

Nilishuka ngazi vidole vyekundu,
nikaenda kwangu Chanika, nikasema:
"Sikudhani, nipe daftari la Shomari."
Mkono ulioandika kuta mia
ukaishika kalamu kama umeshika nyoka.

*Mimi, Kondo Mwinshehe, nikiwa na akili timamu.*
Kiwanja hiki. Karatasi ya mauziano, yenye muhuri wa serikali ya mtaa,
iko chini ya godoro, upande wa ukutani.
(Nani mwingine alijua? Kunguni.)
Akiba ya ushirika: mrithi kwenye fomu bado ni mama,
tuliyemzika Kisarawe mvua za mwaka juzi. Kubadilisha. Jumatatu.
Deni la rangi kwa Mangala, elfu themanini na mbili:
lilipwe kwanza, kabla mtu hajagusa hata ngazi.
Msimamizi: dada yangu Mwanahawa.
Mkali, hesabu anajua, na hanipendi kupita kiasi.

Hapo nikakwama.
Shehe alikwisha nifafanulia: wenye mafungu, Mungu kishawapanga;
theluthi moja tu ndiyo yangu kuielekeza nitakako.
Nami nilijua nitakako.
Mbagala, Rangi Tatu, kuna mtoto ana masikio yangu.

"Mbona umesimama?"
"Rangi imekauka."
"Kalamu haina rangi, Kondo."

Jiko likatoa cheche. Jirani akafunga geti.
Nikaandika herufi nne, ndogo, mimi niliyezoea kubwa:
*Tabu.*
Akasoma juu ya bega langu. Akasoma tena.
"Ana umri gani?"
"Saba."
Hakusema kitu. Akaenda kuipua maharage,
akakaa huko muda mrefu kuliko maharage yanavyotaka.
Aliporudi alinisukumia daftari:
"Umesahau cherehani. Ni yangu, nilinunua kwa upatu wangu.
Andika hivyo, nduguzo wasije wakaibeba."
Nikaandika.

Kesho mashahidi wawili, mmoja wa ukoo, mmoja wa mbali,
waniangalie nikitia sahihi.
Nakala moja kwa Mwanahawa, nyingine nje ya nyumba hii,
maana godoro huungua.
Sikudhani bado hajanisemesha vizuri. Ana haki.

Kwangu ukuta wa mbele ni tofali tupu,
lipu haijafika, watu wananicheka:
fundi wa maandishi, nyumba haina hata namba.
Waache. Nataka ibaki hivyo.
Siku nitakapokuwa chini
asitafutwe mtu mwenye ngazi.